Mpaka, Kiolesura au Mshono? Historia ya Maungano ya Matabaka katika Ukuzaji wa Fuwele za Semikonda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wanasayansi walivyoielewa sehemu ambapo tabaka moja la fuwele ya semikonda hukutana na jingine, kuanzia kanuni za epitaksi za mwaka 1928 hadi taa ya buluu ya mwaka 1993. Hoja kuu ni kwamba sehemu hiyo si mstari uliopo wenyewe kati ya maada mbili. Ni kazi inayofanywa: huzaliwa kwa mfuatano wa hatua, kwa muda na kwa joto, na maada zilezile mbili hutoa maungano tofauti kutegemea ipi ilitangulia. Kwa kuzingatia historia hiyo, makala yanapendekeza istilahi ya mshono, na kuibua suala la nani anayehesabiwa pale nchi inapopanga kuwekeza katika teknolojia hii.

Utangulizi

Mtu anayewasha taa ndogo ya sola katika kijiji kisichofikiwa na gridi ya umeme, mahali ambapo zamani si nyingi palitumika koroboi, anatumia chombo ambacho mwanga wake hutoka katika matabaka yenye unene wa nanomita chache tu. Vivyo hivyo, ujumbe unaotoka Kampala, Kigali au Bujumbura kwenda ng'ambo hupita katika nyuzi za kioo zinazounganishwa na mikongo ya baharini iliyoanza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Mwanga unaoubeba ujumbe huo hutolewa na leza iliyojengwa kwa matabaka ya indiamu, galiamu, aseniki na fosforasi. Katika vyombo hivi viwili, kazi haifanywi na maada moja peke yake. Hufanywa pale maada mbili zinapokutana. Herbert Kroemer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2000, alifika mbali zaidi alipodai katika mhadhara wake wa tuzo kwamba mara nyingi maungano hayo ndiyo kifaa chenyewe.

Mfasiri wa sayansi anayelikuta jambo hili huwa na maneno mawili mkononi. La kwanza ni mpaka, ambalo kila mzungumzaji analijua. La pili ni kiolesura, neno lililokwisha kukubalika katika taaluma ya kompyuta kwa ile sura ambayo mtumiaji huiona na kuitumia kuiamuru mashine. Makala haya yanadai kuwa yote mawili yanapotosha, na kwamba upotoshaji wenyewe si wa lugha tu. Mpaka huchorwa, na ukishachorwa, upo. Kiolesura ni uso wa kuangaliwa. Historia ya fuwele za semikonda inatuonyesha kitu kinachoshonwa, ambacho kinaweza pia kushonwa vibaya.

Kanuni ya kulingana, na watu wawili wa Bristol

Neno epitaksi liliundwa na mtaalamu wa madini wa Ufaransa, Louis Royer, mwaka 1928, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "juu" na "mpangilio". Royer alichunguza jinsi fuwele moja inavyoota juu ya nyingine kwa kuufuata mpangilio wa atomi zake, naye akaweka kanuni: jambo hilo huwezekana pale tu nafasi kati ya atomi za fuwele hizo mbili zinapolingana kwa karibu, tofauti isizidi takriban asilimia 15. Kwa Royer, basi, suala lilikuwa la ndiyo au hapana. Fuwele hulingana au hazilingani.

Mwaka 1949, F. C. Frank na J. H. van der Merwe wa Chuo Kikuu cha Bristol waliuliza swali jingine: tofauti ndogo iliyobaki huenda wapi? Msomaji aliyewahi kuwaona wanawake wa pwani wakishona mkeka ataelewa swali hilo haraka. Ukili mmoja huunganishwa na mwingine ukingo kwa ukingo. Kama chane za ukili wa pili ni pana kidogo kuliko za ule wa kwanza, mshonaji anaweza kuubana ukili huo mpaka misuko ilingane, na kwa shubiri chache mkeka hulala vizuri. Akiendelea, mkazo hulimbikizana, na mwishowe hana budi kuuacha msuko mmoja bila mwenzake. Ndivyo walivyoonyesha Frank na van der Merwe kwa hesabu. Tabaka jembamba hukubali kubanwa au kuvutwa ili lilingane na bamba la msingi. Likifikia unene fulani wa ukomo, nishati ya mkazo hushinda, na safu ya atomi ya upande mmoja hukosa mwenzake upande wa pili. Kasoro hiyo ya mstari tutaiita mruko. Kadiri tofauti ya nafasi inavyokuwa kubwa, ndivyo unene wa ukomo unavyokuwa mdogo. Tofauti ya asilimia 3 au 4 huacha nanomita chache tu.

Vitabu vya kiada hupita haraka juu ya jambo moja ambalo linastahili kutajwa barani mwetu. Frank alizaliwa Durban mwaka 1911, ingawa alilelewa Uingereza. Van der Merwe alikuwa raia wa Afrika Kusini aliyekwenda Bristol kusoma, kisha akarejea kufundisha nchini mwake. Namna ya ukuaji wa tabaka kwa tabaka hubeba majina yao hadi leo. Habari hii isitufanye tujivune upesi, kwa sababu vyuo vikuu vya Wazungu vya nchi hiyo vilifungwa kwa sheria ya mwaka 1959 dhidi ya wanafunzi weusi wasio na kibali, na elimu hiyo haikuvuka Limpopo kuja kaskazini.

Kielelezo cha mwaka 1949 kilibadilisha maana ya maungano. Hayakuwa tena suala la ndiyo au hapana, maana sasa yalikuwa na unene wa ukomo na yalibeba mkazo na kasoro. Hata hivyo, yalibaki kuwa jambo la utulivu: hesabu ilieleza hali ya mwisho yenye nishati ndogo kuliko zote, bila kueleza njia ya kuifikia.

Droo ya Leningrad

Mwaka 1963, Kroemer, aliyekuwa akifanya kazi California, alipendekeza leza ambamo tabaka jembamba la semikonda yenye pengo dogo la nishati lingebanwa kati ya matabaka mawili yenye pengo kubwa, ili elektroni zinaswe katikati na kutoa mwanga. Mwaka huohuo, Zhores Alferov na Rudolf Kazarinov wa Taasisi ya Ioffe huko Leningrad waliwasilisha ombi la hataza lenye wazo kama hilo. Kroemer hakupewa nafasi ya kuliendeleza wazo lake. Aliambiwa kuwa leza ya namna hiyo haingekuwa na matumizi. Washauri wa sera wangefanya vyema kuisoma sehemu hiyo ya mhadhara wake wa Nobel mara mbili.

Wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kukutania maada. Kundi la Alferov lilijaribu kwanza galiamu asenidi pamoja na mchanganyiko wake wenye fosforasi. Nafasi za atomi za galiamu fosfidi na galiamu asenidi hutofautiana kwa takriban asilimia 3.6, kwa hiyo hata mchanganyiko wenye fosforasi kidogo ulizaa miruko pale matabaka yalipokutana. Elektroni zilipotea humo bila kutoa mwanga, na leza ilifanya kazi katika baridi ya nitrojeni kimiminika tu, sawa na leza za zamani zisizo na matabaka.

Alumini asenidi ilikuwa chaguo lililo wazi kwenye karatasi. Nafasi ya atomi zake hutofautiana na ile ya galiamu asenidi kwa takriban asilimia 0.14 tu, na tofauti hiyo hupungua zaidi katika joto la kukuzia fuwele. Lakini kila mkemia alijua kuwa alumini asenidi huoza ikikutana na hewa yenye unyevu, na kwa sababu hiyo iliachwa. Alferov anasimulia kuwa mwenzake mmoja alimkumbusha kuhusu fuwele ndogo za mchanganyiko wa alumini, galiamu na aseniki zilizokuwa zimetengenezwa miaka miwili nyuma, zikawekwa kwenye droo ya meza na kusahauliwa. Zilipotazamwa, zilikuwa nzima. Mchanganyiko ulidumu mahali ambapo alumini asenidi tupu isingedumu. Kufikia mwaka 1967, Hans Rupprecht na Jerry Woodall wa kampuni ya IBM, Marekani, nao walikuwa wakikuza mchanganyiko huohuo kwa njia yao.

Njia yenyewe ilikuwa ukuzaji kutoka kimiminika, iliyobuniwa na Herbert Nelson mwanzoni mwa miaka ya 1960. Galiamu iliyoyeyushwa, ikiwa imeshiba aseniki na alumini, huletwa juu ya bamba la msingi katika joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kisha hupozwa polepole. Inapopoa, haiwezi kubeba aseniki yote iliyomo, na ile inayozidi hutua juu ya bamba pamoja na galiamu na alumini. Kisha kimiminika hicho huondolewa na kingine chenye mchanganyiko tofauti huletwa. Hapo ndipo maungano huzaliwa, na hapo pana hatari kadhaa. Kimiminika kipya kisiposhiba sawasawa, huanza kwa kuyeyusha sehemu ya tabaka lililokwisha kukua, na maungano hupotea kabla hayajakamilika. Kikishiba kupita kiasi, hutua kwa pupa na kuacha uso wa mawimbi. Alumini nayo hupenda kuhamia katika tabaka gumu kuliko kubaki katika kimiminika, hivyo kiasi chake hubadilika kadiri tabaka linavyonenepa. Aidha, hewa kidogo ikiingia, alumini hufanya utando wa oksidi unaozuia kimiminika kushika bamba.

Mwaka 1970, kundi la Alferov na, wiki chache baadaye, Izuo Hayashi na Morton Panish wa maabara za Bell huko New Jersey walipata leza iliyowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Mkondo wa umeme uliohitajika ulishuka kutoka makumi ya maelfu ya ampea kwa kila sentimita mraba hadi kiwango cha elfu moja hivi.

Baadhi ya leza hizo za kwanza zilikufa baada ya dakika au saa chache. Mwaka 1973 watafiti wa Bell walizichunguza na kuona mistari myeusi ikitambaa ndani ya tabaka la kati: miruko iliyokuwa ikikua kwa kula nishati ya elektroni zilezile zilizopaswa kutoa mwanga. Asilimia 0.14 haikutosha kuwa kinga. Kasoro za bamba la msingi, uchafu na mkazo mdogo vilihitaji kushughulikiwa kimoja kimoja, kazi iliyochukua miaka kadhaa.

Sekunde moja, tabaka moja

Wakati leza zikihangaikiwa katika vimiminika, watafiti wengine wawili wa Bell, John Arthur na Alfred Cho, walikuwa wakikuza fuwele katika ombwe. Mwaka 1968 Arthur alieleza jambo lililokuja kuwa msingi wa kila kitu: aseniki hushika uso wa galiamu asenidi pale tu inapokuta galiamu ya kuungana nayo, inayozidi huruka na kuondoka. Kwa hiyo galiamu pekee ndiyo inayopanga mwendo wa ukuaji. Vyungu vya galiamu, alumini na aseniki huchemshwa, mvuke wake huelekezwa kwenye bamba lenye joto la nyuzi 600 hivi, na kila chungu huwa na kifuniko kinachofungwa kwa sehemu ya sekunde. Njia hii huitwa epitaksi ya miale ya molekuli.

Mwendo wake wa kawaida ni maikromita moja kwa saa. Ukigawanya, unapata nanomita 0.28 kwa sekunde, ambao ndio unene wa tabaka moja la atomi za galiamu na aseniki. Sekunde moja, tabaka moja. Kifuniko kikifungwa kwa haraka kuliko hapo, mtu angetarajia maungano yawe kama kisu kilivyokata. Hapa dhana ya mpaka ilikuwa na nafasi yake nzuri kuliko wakati wowote katika historia hii, na hapa pia ndipo iliposhindwa.

Kulionekana hivi. Mwale wa elektroni ukipigwa kwa pembe ndogo juu ya uso unaokua, mng'ao wake hupanda na kushuka kwa zamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Uingereza walibaini kuwa kila zamu moja ni tabaka moja. Uso uliokamilika hung'aa. Uso uliofunikwa nusu, wenye visiwa vya atomi na mabonde kati yake, hufifia. Visiwa vikiungana, mng'ao hurudi. Lakini zamu hizo hupungua nguvu kadiri muda unavyopita, kwa sababu visiwa vya tabaka la tatu huanza kuota kabla ya tabaka la pili kujaa. Kwa wakati wowote ule, uso unaokua una ngazi kadhaa. Kifuniko kinapofungwa, kinafungwa juu ya uso wa namna hiyo, na tabaka jipya hurithi ngazi hizo zote.

Hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote katika makala haya. Atomi ya galiamu husafiri mbali juu ya uso kabla ya kutulia. Ya alumini, ambayo vifungo vyake ni imara zaidi, hutulia karibu na ilipoangukia. Kwa sababu hiyo uso wa galiamu asenidi huwa laini, na ule wenye alumini huwa na makovu. Weka mchanganyiko wa alumini juu ya galiamu asenidi, utapata maungano mazuri. Geuza mpangilio, uweke galiamu asenidi juu ya mchanganyiko wa alumini, utapata maungano mabaya: yana ngazi nyingi, na pia uchafu uliopanda pamoja na uso na kukusanyika hapo. Maada ni zilezile, mashine ileile, joto lilelile. Wataalamu waliyaita maungano geuzi, na transista zenye kasi kubwa zilizotolewa Japani na Takashi Mimura mwaka 1980 zilitumia mpangilio ule mzuri. Mpaka kati ya nchi mbili ni uleule uutazame kutoka upande wowote. Haya siyo hivyo.

Dawa iliyotumika sana katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa kusubiri. Vifuniko vya galiamu na alumini hufungwa kwa sekunde kadhaa au zaidi, mvuke wa aseniki ukiachwa, ili atomi zipate muda wa kutembea hadi kwenye kingo za visiwa na kuzijaza. Lakini anayesubiri hupokea pia uchafu unaoelea katika ombwe, kwa hiyo kila maabara ililazimika kutafuta muda wake. Indiamu ilileta shida nyingine isiyotibika kwa kusubiri: galiamu ikifika juu yake, atomi za indiamu hubadilishana nafasi nayo na kupanda juu, tabaka baada ya tabaka, hata maungano yakasambaa kwa matabaka kadhaa ya atomi. Mkuzaji huzima indiamu, nayo indiamu huendelea kuingia.

Yakuti samawi

Mfano wa mwisho unapingana na yote yaliyotangulia, na ndiyo sababu haufai kuachwa. Galiamu naitraidi, maada ya mwanga wa buluu, haikuwa na bamba la msingi la kulingana nayo. Ilikuzwa juu ya yakuti samawi, ambayo nafasi za atomi zake hutofautiana nayo kwa takriban asilimia 16. Royer angekataa, na van der Merwe angetabiri miruko tangu tabaka la kwanza kabisa. Kwa miaka mingi kilichoota katika joto la nyuzi 1,000 kilikuwa visiwa vya pembe sita, vilivyotengana na kuwa na uso wa kukwaruza.

Mwaka 1986, Hiroshi Amano na Isamu Akasaki wa Chuo Kikuu cha Nagoya walichapisha suluhisho lao. Kwanza waliweka tabaka jembamba la alumini naitraidi katika joto la chini, ambamo fuwele haiwezi kujipanga vizuri. Kisha walipandisha joto na kuendelea na galiamu naitraidi. Tabaka lile baya lilitoa mbegu nyingi zenye mwelekeo unaokaribiana. Visiwa viliota juu yake, vikakutana ubavu kwa ubavu, na uso ukawa laini kama kioo. Shuji Nakamura alitumia galiamu naitraidi yenyewe kwa tabaka hilo la utangulizi mwaka 1991, na mwishoni mwa 1993 taa ya buluu yenye nguvu ilitangazwa. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Miruko haikuisha. Ilibaki zaidi ya milioni 100 kwa kila sentimita mraba, idadi ambayo ingeiua leza ya galiamu asenidi mara moja. Kwa nini taa hizi zinavumilia, wanafizikia bado wanajadiliana. Linalotuhusu ni kwamba maungano haya yalishonwa vibaya kwa makusudi, kisha yakaponywa kwa matabaka yaliyofuata. Ubora wake haumo katika nanomita chache ambamo maada mbili hukutana. Umo katika kilichofanyika saa nzima baadaye.

Istilahi, na washonaji

Mwaka 1982, Daniel Tsui, Horst Störmer na Arthur Gossard walichapisha ugunduzi kuhusu elektroni zilizonaswa katika maungano ya galiamu asenidi na mchanganyiko wake wa alumini. Gossard ndiye aliyesimamia ukuzaji wa fuwele. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Tsui, Störmer na Robert Laughlin, aliyetoa nadharia. Hatusemi kuwa kamati ilikosea. Kanuni zake hazizidi watu watatu. Tunasema kwamba ukiamini maungano ni mpaka, ni rahisi kuamini pia kuwa yanakuja bure pamoja na maada, na kwamba anayestahili kuhesabiwa ni aliyeyatabiri au aliyeyapima. Imani hiyo huingia pia katika mipango ya serikali. Bajeti hutaja mashine na majengo. Mtu atakayekaa miaka mitano akijifunza ni sekunde ngapi za kusubiri katika chumba hicho mahususi hana mstari wake. Ujuzi huo hauandikwi wote katika makala za kitaaluma, na haununuliwi pamoja na mashine.

Kiswahili kina neno linalouweka ujuzi huo mahali pake. Mshono una mshonaji, una mwanzo na mwisho, una upande wa ndani na wa nje, hufumuka, hurekebishwa. Kutokana nalo tunapata kitenzi bila kuazima, na tunapata mshono geuzi kwa yale maungano yenye mpangilio mbaya. Pingamizi moja tunalikubali: mshono wa nguo hutumia uzi wa tatu, ilhali atomi hushikana zenyewe kwa zenyewe. Pingamizi hilo ni dogo kuliko lile dhidi ya mpaka. Kiolesura kibaki katika kompyuta.

Fasili tunayoipendekeza kwa kamusi za fizikia na kemia ni hii: mshono ni eneo, kuanzia tabaka moja la atomi hadi mengi, ambamo fuwele moja huendelezwa na nyingine wakati wa ukuzaji, na ambalo sifa zake hutegemea maada zote mbili, mpangilio wa kutangulia kwake, joto na muda.